Eustache Ndihokubwayo, Mtu wa Siku ya Baada ya Matanga

3 Februari 1968 – 12 Juni 2025
Makaburi ya Rusororo, Kigali, Jumatatu, 16 Juni 2025

Tunayemsindikiza leo ni Eustache Ndihokubwayo, fundi wa viti vya magari wa Gikondo. Maisha yake yanasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichokulia, ndicho alichofanyia kazi, na ndicho alichomtania nacho mkewe hadi asubuhi ya mwisho.

Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mtoto wa pili wa mzee Gaspard, dereva wa malori, na mama Bernadette, Wanyarwanda waliokuwa wakiishi ukimbizini. Walikuwa Wakatoliki katikati ya majirani Waislamu. Eustache alikua akijua saa ya adhana na saa ya kengele, na zote mbili alizitumia kukwepa kazi za nyumbani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku mwalimu mkuu alipokuja mlangoni kumwita. Mzee Gaspard, aliyeondoka nyumbani mzima akipiga mluzi, alianguka akishusha mizigo na hakuinuka. Nyumba ilijaa watu mpaka barabarani. Wakaimba, wakapika, wakamshika mtoto kichwani na kumwambia ajikaze. Kisha matanga yakaanuliwa, kila mtu akabeba kiti chake akaenda zake. Kesho yake Eustache aliamka akakuta uani alama za miguu ya viti tu. Alisema baadaye kwamba baba yake alikufa asubuhi ile, si siku ile nyingine.

Ndipo akaja Bi Mwamini, jirani wa nyumba ya tatu, na bakuli la maharage chini ya kanga. Mama akamwambia, "Dada, umechelewa, matanga yamekwisha." Bi Mwamini akavuta mkeka akaketi. "Juzi walikuja kwa ajili ya mumeo," akasema. "Leo nimekuja kwa ajili yenu." Akaja na wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka watoto wakawa wanagombania nani amfungulie.

Eustache alimaliza shule ya ufundi mwaka 1987. Mwaka 1995 aliingia Rwanda na kufungua karakana yake Gikondo kwa cherehani moja na nyundo mbili. Gari likiletwa kwake na viti vilivyochanika, lilitoka na viti vya kukaribishia wageni. Tangu mwaka 2004 alifanya kazi na Shafiq, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo hapa Kigali. Eustache alitengeneza fremu na sponji, Shafiq akashona ngozi. Hawakuwahi kuandikiana mkataba, wala hawakuwahi kuuhitaji.

Mkewe, Xavérine Nyiraneza, alimpata kazini. Mwaka 1998 Xavérine alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari huko Kicukiro, na Eustache aliitwa kutengeneza viti vya darasa lake. Alivikagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu, viti vyote vimelegea upande wa kushoto. Wewe husimama wapi?"

"Kushoto, karibu na dirisha."

"Basi kosa si la viti. Wanakuegemea. Mimi ningekuwa mwanafunzi hapa, changu kingekuwa kimeshavunjika."

Walifunga ndoa katika parokia ya Gikondo tarehe 31 Julai 1999. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ingrid, Kalisa na Peace. Kwa miaka karibu ishirini na sita Eustache hakulala nje ya nyumba yake isipokuwa kwa safari iliyojulikana.

Neno hilo limewekwa hapa makusudi, kwa sababu kuna maneno mengine yaliyosemwa kwa kunong'ona, nayo hayawezi kuachwa juu ya kaburi la mtu mwema.

Mwezi Novemba 2019 Shafiq alilala mzima na asubuhi hakuamka. Eustache alimzika pamoja na wengine. Kisha, watu walipokwisha kutawanyika, akabeba kiti cha nyuma cha basi dogo, ambacho ngozi yake nyekundu ndiyo ya mwisho kushonwa na Shafiq, akakiweka ukutani nje ya mlango wa mjane wake, Shakira. Shakira alikuwa ndani ya eda, na Eustache, mtoto wa Buyenzi, hakuhitaji kufundishwa adabu ya eda. Hakuvuka kizingiti. Aliketi nje, mgongo ukutani, kila Ijumaa jioni, akiongea na binti wa marehemu, Leila, kupitia dirishani. Eda ilipokwisha aliendelea kuketi palepale.

Karakanani walimtania. "Bosi, Ijumaa tena! Hiyo pilau ya Biryogo haiishi?"

"Iko kiti yangu kule," aliwajibu kwa Kiswahili cha mjini. "Kiti isipokaliwa inaota ukungu."

Lakini mzaha ukitoka karakanani hufika kanisani ukiwa umevaa nguo nyingine. Mwanamke mmoja alimwambia Xavérine, kwa huruma nyingi, kwamba mzee wake ana nyumba ya pili. Ijumaa iliyofuata Xavérine alivaa viatu vyake vya misa, akaingia vichochoro vya Biryogo kwa miguu, kabla jua halijatua, watu wakimwona. Alimkuta mumewe kwenye kiti chekundu, daftari la shule magotini, uso umekunjamana, na sauti ya mtoto ikitoka dirishani: "Hapana, baba mkubwa, umekosea tena!"

Eustache hakushtuka. Alisogea. "Mwalimu, njoo ukae. Hesabu za huku zimenishinda."

Akakaa. Tangu siku ile walikwenda wawili, kila shule ilipompa Xavérine nafasi. Aliyetaka kujua angeuliza, na angejibiwa.

Eustache hakuugua. Alhamisi tarehe 12 Juni alikunywa chai yake, akalalamika kwamba sukari ni kidogo, akaenda kazini. Alikuwa akivuta ngozi juu ya kiti cha gari alipowaambia wenzake, "Nishikieni hapa kidogo," akaketi chini. Wakashika, wakimngoja. Daktari alisema moyo ulisimama. Hakuna lingine.

Tangu hapo ua umejaa. Ikiriyo, matanga yetu, imekuwa na hema, moto, nyimbo na watu wengi kuliko vikombe. Familia inashukuru kwa dhati. Hata hivyo katikati ya umati huo mjane amekuwa akimimina chai vikombe viwili kila asubuhi, na kikombe cha pili hakuna anayethubutu kukigusa, wala yeye kukimwaga.

Jumamosi jioni Shakira alifika na Leila, na nyuma yao vijana wawili wamebeba kile kiti chekundu. Dada mkubwa wa marehemu, Mukabalisa, alisimama njiani.

"Wewe ni nani kwa kaka yangu?"

"Mimi ni mke wa Shafiq, dada."

"Shafiq amekufa. Mbona Ijumaa za kaka yangu hazikufa?"

Watu wakaacha kuimba. Shakira alishika mkono wa mwanawe. "Sikuja kukaa, dada. Leo si siku yangu. Leo mna watu. Nimerudisha kiti tu. Nitakuja watakapoondoka."

Xavérine alitoka ndani akawaonyesha vijana mahali pa kukiweka, ukutani, kushoto kwa mlango. Kisha akamgeukia Mukabalisa. "Wifi, huyu ni mgeni wangu."

Usiku huo wazee wa ukoo walishauri jina la Shakira lisionekane kwenye karatasi hii, eti kwa ajili ya heshima ya familia. Xavérine aliwaambia kwamba heshima ya familia hii haijawahi kulindwa kwa kuficha watu. Mukabalisa ndiye aliyeuliza jina la mtoto wa Shakira linaandikwaje.

Eustache ameacha mjane, Xavérine, watoto, Ingrid, Kalisa na Peace, dada, Mukabalisa, na huko Biryogo ameacha Shakira na Leila, walioandikwa hapa kwa mkono wa mkewe.

Leo baada ya kunawa mikono tutakula pamoja. Siku chache zijazo hema litashushwa, na kila mtu atabeba kiti chake, kama ilivyo haki yake. Familia haiombi chochote. Inasema tu kwamba kuna kiti kisichobebwa, nje ya mlango, upande wa kushoto, na kina nafasi ya watu watatu.

Lala, Eustache, kwa amani uliyowapelekea wengine. Kiti chako hakitaota ukungu.