Sekunde Mbili za Verlyn Tjarks

Baada ya majira thelathini na matatu ya baridi akiwa na filimbi shingoni, Bwana Verlyn Tjarks anastaafu rasmi kazi ya uamuzi wa mieleka ya shule za sekondari siku ya Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2024. Katika muda wote huo alikosa mechi mara mbili tu. Mara ya kwanza theluji ilifunga barabara. Mara ya pili aling'olewa jino la gego, na hata siku hiyo alipiga simu ukumbini, mdomo umejaa pamba, kuuliza matokeo.

Wengi wetu hapa Harlund tunamfahamu kama fundi wa mitambo wa ghala la nafaka la ushirika. Kwenye mieleka aliingia kwa hasira. Mwaka 1991 alikuwa amekaa jukwaani akimzomea mwamuzi, marehemu Orville Skaar, tangu mechi ya kwanza. Wakati wa mapumziko Orville akapanda ngazi, akamwekea kitabu cha sheria mapajani na kumwambia, "Soma hiki, halafu uje unizomee vizuri." Verlyn akakisoma wiki nzima. Akagundua kuwa Orville alikuwa sahihi katika yote matatu aliyomzomea, na Novemba ile ile akajiandikisha kwenye darasa la waamuzi. Anasema aliona aibu, na hakujua mahali pengine pa kuipeleka.

Tangu mwaka 1998 darasa hilo ni lake. Kila Jumapili ya Novemba, saa nane mchana, kwenye bwalo la chakula la shule ya sekondari. Kila anayepuliza filimbi katika kaunti hii amepita mikononi mwake, mwandishi wa wasifu huu akiwemo. Alitufundisha kukagua kucha za wanamieleka kwa kupitisha vidole vyao kwenye kiganja chetu, maana macho yanadanganya na ngozi haidanganyi. Alitufundisha kuwa bangili nyekundu ya mwamuzi inakaa mkono wa kushoto na ya kijani mkono wa kulia, kwa kuwa kila mwanamieleka ana rangi yake, na mkono unaounyanyua ndio unaomwambia mwandika alama pointi ni za nani. Hili alilijua kwa uchungu. Mwaka 1994 alizivaa kinyume, na kwa mechi nzima pointi za kijana mmoja zikaingia kwa mwenzake. Bahati nzuri liligunduliwa kabla vijana hawajatoka kwenye mkeka. Kuanzia hapo, kila siku ya mechi alijichora nukta ya wino mwekundu kwenye mkono wa kushoto, na Jumapili kanisani ilikuwa bado haijafutika.

Lakini kama kuna jambo moja atakalokumbukwa kwalo, ni sekunde mbili.

Asiyejua mieleka yetu na ajue hili tu: ukimlaza mwenzako chali, ukamshikilia mabega yote mawili chini kwa sekunde mbili kamili, umembandika, mechi imekwisha. Sekunde hizo hazihesabiwi na saa. Anazihesabu mwamuzi moyoni, amelala kifudifudi na shavu karibu na mkeka, halafu anapiga mkeka kwa kiganja. Shida ni kwamba ukumbi unapolipuka kwa kelele moyo unakimbia, na "moja, mbili" ya mwamuzi mgeni inakuwa nusu sekunde. Kwa hiyo Verlyn alitukataza kuhesabu namba. Alitupa sentensi, ile aliyokuwa akimwambia mkewe kwa simu ya ofisini pale shuleni kila alipomaliza mechi na kutaka kuanza safari ya kurudi nyumbani: "Marlys, bandika kahawa, ninarudi." Ukiisema kama mtu anayempenda anayeongea naye, bila haraka, inachukua sekunde mbili. Verlyn alisimama juu yetu na saa yake ya michezo, nasi tumelala kwenye sakafu ya bwalo, macho tumefumba, kila mmoja anamwambia Marlys kimoyomoyo abandike kahawa, kisha anapiga sakafu. Aliyepiga mapema, alirudia. Aliyechelewa, alirudia.

Marlys mwenyewe hakujua lolote kwa miaka sita. Alikuja kujua kwa sababu ya mwamuzi mmoja mpya ambaye katika mechi yake ya kwanza aliitamka sentensi kwa sauti. Kijana aliyebandikwa akainuka, akafuta jasho na kuuliza, "Mwamuzi, samahani, Marlys ndiye nani?" Habari ikazunguka mji kabla ya chakula cha jioni. Marlys akamngoja mumewe mlangoni akiwa ameshika kiuno. "Kwa hiyo kaunti nzima inaniagiza kahawa?" Jumapili iliyofuata akatokea bwaloni na birika la umeme la vikombe arobaini pamoja na trei ya mikate ya mdalasini. "Mmeniita, nimekuja," akasema. Tangu siku hiyo hakukosa darasa hata moja. Tulipiga sakafu, yeye akamimina, na aliyechelewesha mkono alipewa kikombe cha mwisho.

Marlys alifariki Agosti mwaka jana. Alikuwa mgonjwa wiki tisa tu.

Novemba ile Verlyn alikuja darasani kama kawaida, amenyoa, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Alifundisha kucha, akafundisha bangili, akafundisha mishiko iliyokatazwa. Jumapili ya nne, ya sekunde mbili, alifungua kitabu na kutusomea ukurasa wenyewe, basi. "Hesabuni moja, mbili," akasema, "lakini taratibu." Sisi wazee wa darasa tuliokuja kumsaidia tulitazamana. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulijidai kuwa ni heshima, na leo nasema wazi kuwa ulikuwa woga.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo kamati ya chama chetu cha waamuzi haikutaka liandikwe. Mwenyekiti wetu, Gaylen Pruitt, aliniambia kwa nia njema kabisa, "Arlo, andika tu kwamba alihudumu kwa uaminifu, tule keki." Nikampelekea Verlyn rasimu ya namna hiyo. Aliisoma amesimama, akanirudishia. "Kosa langu halimo," akasema. "Kama halimo, siji." Basi limo.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari mwaka huu, mashindano ya wilaya, uzani wa ratili 138. Mshindi wa mechi hiyo alikuwa anakwenda Des Moines kwenye mashindano ya jimbo, na aliyeshindwa alikuwa anarudi nyumbani. Verlyn ndiye aliyekuwa mwamuzi, mimi nikiwa msaidizi wake upande wa pili wa mkeka. Brecken Ahlers, kijana wa hapa kwetu, mwaka wake wa mwisho shuleni, alimgeuza mpinzani wake chali katika dakika ya mwisho na kumbana. Mabega yote mawili yalikuwa chini. Verlyn alijirusha kifudifudi kama alivyotufundisha, shavu kwenye mkeka, kiganja juu. Kiganja kikabaki juu. Jukwaani mama yake Brecken, Janelle, alikuwa anahesabu kwa sauti na watu wakamfuata: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mkono wa Verlyn haukushuka. Mpinzani akapata upenyo, akachomoka, akamwangusha Brecken, na filimbi ya mwisho ikalia. Brecken alishindwa kwa pointi moja.

Msaidizi anaruhusiwa kusema. Mimi sikusema. Nilidhani ameona bega limenyanyuka ambalo mimi sikuliona, kwa sababu alikuwa Verlyn, na nani wa kumsahihisha Verlyn? Kwa hiyo kosa lile ni la watu wawili, ingawa yeye hataki niliandike hivyo.

Alinyanyua mkono wa mshindi kama sheria inavyotaka. Kisha akatembea hadi kwenye kona ya Harlund, mbele ya watu wote, akamwambia kocha na kijana, "Alikuwa amebandikwa. Nimekosea mimi." Haikusaidia kitu. Mabega kuwa chini ni uamuzi wa aliye kwenye mkeka, na mechi ikishakwisha haurudishwi. Ukurasa huo ametusomea yeye mwenyewe kila mwaka. Brecken alimpa mkono. Mama yake alikuwa ameshuka jukwaani. "Msamaha wako hauna nafasi ya Des Moines ndani yake," alimwambia. Verlyn akajibu, "Hauna, mama."

Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu. Tulipofika kwenye njia ya kuingilia kwake, nyumba ilikuwa giza mchana kweupe, mapazia yote yameshushwa. Nikamuuliza ilikuwaje. Akaniambia kuwa alianza vizuri, kwamba miaka thelathini na mitatu haimruhusu mtu kuhesabu kwa njia nyingine hata akitaka. "Nilifika kwenye jina lake," akasema. "Nikaishia hapo. Nilikuwa namsubiri aitike." Akashuka. Mimi nililia njia nzima ya kurudi, na sioni sababu ya kuficha hilo kwenye jarida la waamuzi wenzangu.

Mwezi Machi aliandika barua ya kuacha kazi. Tulimwomba afundishe darasa moja la mwisho, kwa kuwa mwaka huu sheria zimebadilika, kuangusha kumekuwa pointi tatu badala ya mbili, na sisi wengine tulikuwa hatujafungua kitabu. Alikubali. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu walijiandikisha wanafunzi kumi na mmoja. Wa kumi na moja alikuwa Janelle Ahlers. Alikaa meza ya mbele kabisa, koti hajalivua. Verlyn alipomuuliza, kama anavyowauliza wote, ni nini kimemleta, alisema, "Nimekuja kujifunza sekunde mbili ni ngapi."

Verlyn aliandika jina lake kwenye orodha na kumpa kitabu.

Kwa Jumapili tatu mama huyu hakukosa, na hakutabasamu. Aliuliza maswali makali kuliko wote. Alijua kurasa. Verlyn alipojaribu kuonyesha ishara mpya ya pointi tatu, kidole chake cha kati, kilichovunjwa na mnyororo wa mashine zamani, kikakataa kunyooka, darasa likacheka, na Janelle akasema bila kucheka, "Hiyo ni mbili na nusu, Bwana Tjarks." Nadhani ndiyo siku ya kwanza tangu Agosti ile niliyomwona Verlyn akicheka.

Jumapili ya nne ilikuwa juzi. Wote tulijua ni siku ya nini. Verlyn aliwatazama, akatoa saa ya michezo mfukoni na kumpa Janelle. Kisha akapiga magoti, yakalia, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya bwalo, mzee wa miaka sitini na tisa, akafumba macho na kunyanyua kiganja. "Nitaisema kwa sauti," akasema. "Bonyeza nikianza."

Alisema, "Marlys." Halafu bwalo zima likawa kimya, unasikia friji za jikoni. Janelle hakuizima saa. Mwishowe kiganja kilipiga sakafu, bila maneno mengine kutoka.

"Kumi na moja," Janelle akasoma. "Rudia."

Safari ya pili alifika kwenye kahawa. "Sita. Rudia."

Safari ya tatu aliisema yote, taratibu, bila kutetemeka, kama mtu aliyeshika simu ya ofisini na kofia tayari kichwani. Marlys, bandika kahawa, ninarudi. Kiganja kikapiga.

Janelle aliitazama saa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba moja. "Mbili," akasema. "Mbili kamili." Akapiga goti pembeni yake, akamshika mkono kumsaidia kuinuka, na hakuuachia mara moja. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama na yeye atumie sentensi hiyo hiyo au atafute ya kwake.

"Itumie," Verlyn akamwambia. "Ila wewe usisubiri jibu."

Hatukuwa na kahawa siku hiyo. Tulikaa na kitabu hadi saa kumi na moja.

Jumamosi hii tutakutana bwaloni hapo hapo, saa sita mchana. Kutakuwa na maharage ya nyama na mikate ya mdalasini. Kwenye karatasi ya kujitolea, penye mstari wa birika la vikombe arobaini, jina lililoandikwa ni Ahlers, kwa wino mwekundu. Siku tatu baadaye, Jumanne, Janelle atavaa bangili zake kwa mara ya kwanza kwenye mechi za vijana wadogo, mimi nikiwa msaidizi wake. Safari hii nikiona kitu nitasema.

Verlyn, chama chetu kinakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa kila kucha uliyokagua na kila mkono ulioufundisha kungoja. Tunakuombea afya, magoti yapone, na jioni zako zisiwe ndefu kupita kiasi. Tunajua ukirudi nyumbani sasa hakuna wa kumpigia simu, na hatuna sheria ya kulirekebisha hilo. Ila kila Jumanne, mechi zikishakwisha na mikeka ikishakunjwa, mmoja wetu atanyanyua simu ya ofisini na kupiga kwako, nawe utapokea.

Verlyn, bandika kahawa, tunakuja.

Arlo Wubben, mwamuzi mwenzako