Mwalimu Modesta na Ukuta wa Kisarawe

Wasikilizaji wapendwa, leo naongea kwa majonzi, lakini kifua mbele. Mwalimu Modesta Nyanda ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jana tumempumzisha Mbwawa, hapa hapa Kibaha.

Alikuwa mwalimu wa sanaa. Miaka thelathini na miwili, mwalimu wa sanaa. Hata mimi alinifundisha, na mpaka leo sijui kuchora hata kuku. Lakini alinifundisha kutazama. Wachoraji wa Italia wa miaka mia tano iliyopita aliwasimulia kana kwamba ni majirani zake wa Mbwawa: huyu mgomvi, yule hamalizi kazi za watu.

Alipostaafu aligeuza vyumba viwili vya nyumba yake kuwa makumbusho. Ndiyo, makumbusho, Mbwawa! Alikusanya vibao vya zamani vya vinyozi na mashine za kusaga, na chini ya kila kibao akaandika jina la aliyekichora. Mwanawe Sebastian anasema, "Wageni wetu walilala sebuleni. Vyumba vilikuwa vya vibao."

Sasa sikilizeni la Kisarawe. Kuna kanisa dogo la Kilutheri kijijini. Ukutani palikuwa na mchoro wa Karamu ya Mwisho, kazi ya fundi wa vibao, Simoni Raphaeli. Mezani aliweka muhogo na kisamvu. Simoni alifariki kijana, akamwacha binti wa mwaka mmoja, Yunisi. Hakuacha picha yake hata moja. Yunisi alikua hajui sura ya baba yake.

Askofu akatangaza ziara. Wazee wa kanisa wakataka pang'ae, wakapaka ukuta mzima rangi nyeupe. Askofu kafika, swali la kwanza: ile karamu ya muhogo iko wapi? Jamani! Mzee Isaya, aliyeshika brashi, anasema alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu Modesta alipopata habari alikwenda na kijiko cha plastiki. Alijua Simoni alitumia rangi ya mafuta, na ile nyeupe ni ya maji, haikushika sawasawa. Kila Jumamosi, miezi saba, alitoka Kibaha kwenda Kisarawe kubandua. Magoti yanauma, anabandua. Akamweleza Yunisi kwamba wachoraji wengi wa zamani walijichora wenyewe pembeni mwa picha.

"Wengine watamtazama Yesu," alimwambia. "Mmoja akitutazama sisi, huenda ndiye baba yako."

Wakatokea mitume wote kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyetutazama. Yunisi alilia. Mwalimu akasema bado kona ya kushoto.

Jumamosi ya mwisho, kwenye kona hiyo, akatokea kijana anayeandaa meza. Ameshika bakuli la kisamvu, anatutazama. Mzee Isaya, aliyecheza na Simoni utotoni, akasema taratibu, "Ndiye."

Yunisi ana miaka arobaini na minane. Kijana wa ukutani hajafika thelathini. Yunisi akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Tunampa pole Sebastian, wajukuu, na ukoo wote wa Nyanda, hapa na Usukumani. Yunisi, pole nawe, umefiwa na mzazi. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujapaka rangi ukuta wowote, uliza kwanza nani aliuchora, na kama aliacha mtoto.