Mashini Zisizokumbuka za Maman Mukakalisa

Tarehe 28 Februari 2014, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, Maman Mukakalisa Primitive anastaafu katika chumba cha intaneti cha ushirika wetu hapa Kamembe. Wanaosema sasa watapumua, wasome karatasi hii hadi mwisho.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, akajifunza kupiga chapa huko, na mwaka 1995 akavuka mto kuja katika nchi aliyokuwa akisimuliwa tu na wazazi wake. Tulimpa taipureta moja na meza yenye mguu mbovu. Kompyuta zilipofika, alizizoea kabla yetu sote, na tangu hapo hatukupata amani.

Wateja wetu walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alikuwa na mashini yake, kama mtu anavyokuwa na benchi lake kanisani, na barua pepe zake aliziacha wazi humo ili azikute vilevile siku ya soko. Waliaga chumba kizima kwa mkono, lakini kutoka kwenye barua zao, hata kidogo. Maman akabandika viongezo, yaani programu ndogo za ulinzi, kwenye kila kivinjari. Kimoja kilizuia matangazo ya matapeli. Kingine kililazimisha tovuti zipite njia iliyofungwa, mtu asichungulie katikati. Cha tatu ndicho kilichowaudhi: ukifunga dirisha, kinafuta kila kitu.

Kelele zilisikika hadi sokoni. Mzee Dominique, mkulima wa mpunga, alilalamika kwamba mashini yake imemsahau, akapanda gari kurudi Bugarama kumwuliza mkewe neno la siri. Lilikuwa jina la ng'ombe wao. Maman akamlazimisha achague jingine, maana ng'ombe yule alijulikana na sekta nzima, kijiji kwa kijiji.

Mwaka 2012 vita vikawaka tena ng'ambo, huko Kivu, na vicheko vikaisha. Mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akiandikiana na mdogo wake, aliyewatoroka wapiganaji waliotaka kumbebesha bunduki, akajificha ng'ambo. Barua zile zilitaja nyumba aliyolala. Asubuhi moja yule mama alifunga dirisha, akaaga, akatoka. Nyuma yake akaingia mwanamume tusiyemjua, akakalia kiti kilekile, akafungua ukurasa wa barua. Mashini ikamdai neno la siri. Akamgeukia Maman kwa ukali, akitaka aonyeshwe alichoandika yule mama.

"Mashini hii haikumbukake kitu, papa," Maman akamjibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kama hauandike, achia bengine nafasi."

Mtu yule akaenda kuutisha uongozi. Mwenyekiti wetu, Bwana Harelimana, ambaye ameruhusu haya yaandikwe, aliogopa, akaamuru viongezo vitolewe. Tuliogopa sote, tusidanganyane. Maman akamwekea ufunguo wa chumba mezani: avitoe mwenyewe, kisha aende mwenyewe hadi Mururu, anakoishi yule mama, kumweleza. Mwenyekiti akauchukua ule ufunguo, akamrudishia. Viongezo vikabaki.

Sasa wapo wanaonong'ona kwamba Maman akiondoka, vidude vyake navyo viondoke, eti wateja wamechoka kuandika neno la siri kila wanapoketi. Na wachoke. Ufunguo nimekabidhiwa mimi, Vénuste, na kichwa kigumu nimefundishwa na mwenyewe.

Maman, asante kwa kutugombeza na kwa kutolegea siku tuliyolegea sisi. Uende Nyakarenzo salama, shamba likupe mavuno, magoti yasikusumbue, na kila siku yako iwe njema.

Na yule kijana, mdogo wa muuza sambaza? Alivuka mto akiwa hai, na leo yumo humu ukumbini, kwenye karamu hii ya kumuaga Maman, anakula pamoja nasi. Msimtafute kwa macho. Jina lake na la dada yake hatukuyaandika, na mkituuliza, sisi pia hatukumbukake kitu.