Chumba cha Mtu Asiye na Mtoto

Kijiwe kiko ubavuni mwa duka la mbao: benchi moja, birika moja, na washauri wa nyumba ambao wenyewe hawana nyumba. Wakili, aliyepata jina hilo kwa kuwaandikia watu barua za maombi, analala sebuleni kwa dada yake, huu mwaka wa kumi na moja. Dalali aliacha udalali siku alipompangisha mtu chumba chenye mtu ndani. Hao ndio waliomsomesha fundi umeme, mgeni wa mji, kwa wiki tatu: avae viatu vinavyong'aa, asidadisi habari za maji, na akiulizwa kama ana mtoto, akane. Wenye nyumba wa mji huu, alisema Dalali, wanaogopa watoto kuliko moto.

Asubuhi hiyo fundi alikuja na ufunguo.

— Yule mama mwenye nyumba kauliza, nikakana. Akanipa.

Kijiwe kikachangamka. Mama Kahawa, mwenye birika, akammiminia kikombe bila kuagizwa. Fundi hakukigusa. Chumba kina dirisha linalopata jua la asubuhi, na tayari alikuwa amepima kwa hatua pahali pa kitanda kidogo. Binti yake ana miaka mitano. Yuko kwa bibi yake, na kila Jumapili huuliza kwenye simu kama chumba kimepatikana.

— Mlete tu, alisema Wakili. Sema ni mpwa wako. Barua nitaandika mimi.

— Mpwa atachunguzwa, alisema Dalali. Sema ni wa jirani, anakuja kushinda.

— Na usiku je? aliuliza fundi.

— Kashindwa kurudi.

— Kila siku?

Wakili akapanda juu zaidi: aingizwe kama mwanafunzi wa ufundi, ashikishwe bisibisi. Mama Kahawa akawakumbusha kwamba huyo ni mtoto, si mzigo wa magendo.

Fundi aliugeuzageuza ufunguo kiganjani. Tangu aje mjini amekuwa akilala stoo ya kazini, kati ya mabunda ya nyaya, na kila alfajiri huamka akidhani kuna mtu amemwita.

— Haya, ni mpwa, alisema. Lakini yule mama anakaa mlango wa pili, na ukuta ni wa mbao. Nimwambieje mtoto asiniite baba?

Wakili akaitazama kalamu yake. Dalali akanyoosha kikombe kuomba kahawa nyingine, na Mama Kahawa hakukipokea.