Kamera Iliyonifukuzia Majirani

Mama zangu, dada zangu, na ninyi kina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kukimbia, nawasalimu wote. Mwenyekiti amenipa nafasi nishuhudie, na ameniomba nisiseme sana. Ananijua. Nitajitahidi. Jina la mtu sitalitaja, hata la mwanangu, ingawa wengine mlimbeba mgongoni.

Mimi ni mjane wa hapa hapa Unyambwa. Mume wangu alipofariki watoto walirudi makazini kwao, nikabaki na nyumba, bomba la maji na shamba la alizeti. Upweke wakati ule haukuniuma sana, na sababu ni uwanja wangu. Uwanja ule haukuwa na hodi. Wanawake walikuja kuchota maji wakakaa. Alizeti zao walipepetea kwangu, maana pana upepo mzuri. Mtu akitaka ungo wangu alikwenda kuuchukua pale ulipotundikwa nje ya jiko, jioni ukarudi. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyekumbushwa.

Basi mwanangu akaja likizo kutoka Dar es Salaam na boksi. Akaniambia, "Mama, uko peke yako huku, mimi usingizi siupati." Ndani ya boksi mlikuwa na kamera. Fundi akaifunga juu ya mlango, ikawa inatazama uwanja wote, bomba, mpaka jikoni. Ilikuwa na sola yake ndogo, ina laini yake, na ina sauti. Mwanangu akiwa Dar anaona kwenye simu yake, na akisema neno, linatoka pale ukutani. Nawaambia ukweli, sikuuliza swali hata moja. Nilijiona mama mwenye watoto wa maana. Wenzangu walikuja kuitazama, wakacheka, mmoja akaipungia mkono.

Baada ya muda simu zikaanza. "Mama, yule wa kitenge cha njano kila siku anafuata nini?" "Mama, jana mlikuwa mnacheka nini?" Na mimi namjibu! Namweleza habari za watu kama vile anazidai. Wenzangu walisikia. Wakaanza kukaa wameipa kamera mgongo, wananong'ona. Kisha wakaanza kuchota maji na kuondoka.

Siku moja nikiwa shambani, jirani yangu wa karibu kabisa aliingia kuchukua ungo kama kawaida yake. Huyu ni mkubwa kwangu. Mwanangu alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha, mimi nikiwa siwezi kuinuka. Sasa mwanangu huko Dar akaona kichwa kilichofungwa khanga, uso hakuuona. Ukuta ukasema, "Wewe mama! Weka hicho chini! Nani amekuruhusu?"

Bila shikamoo. Ninyi ni watu wa Singida, sina haja ya kuwafafanulia.

Niliporudi nikakuta ungo katikati ya uwanja, kuku amepanda juu yake. Nikampigia mwanangu, akacheka. "Mama, umeona? Mtambo unafanya kazi." Mimi nikaokota ungo nikautundika. Sikujua aliyefukuzwa ni nani, na sikwenda kuuliza.

Kuanzia hapo hawakuja tena. Walikwenda kuchota maji mbali, kule bondeni, wakapita na ndoo zao mbele ya geti langu. Nikiwasalimu wanaitikia vizuri tu, wanaendelea na safari. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Sikukuu ya Idi jirani yangu hula na sisi Wakristo, analeta sahani ya pilau, na mimi humrudishia na kitu juu yake. Mwaka ule nilikaa kibarazani tangu mchana, nimeshatayarisha mayai ya kumrudishia. Sahani haikuja. Mayai nikayala mwenyewe.

Ndugu zangu, niseme jambo la aibu? Nilifika mahali nikawa nasogeza kigoda changu mbele ya kamera. Nafunga kilemba kizuri, nakaa pale, ili walau kuwe na mtu anayeniona. Na mwanangu yuko kazini, haangalii. Nilikuwa nakaa na ukuta.

Kilichonizindua ni habari niliyopewa barabarani, na mtu wa kupita tu. Aliniuliza, "Mume wa jirani yako anaendeleaje tangu atoke hospitali?" Nikasimama pale na jembe langu. Mzee amelazwa, ameruhusiwa, amerudi nyumbani, na mimi ninayepakana naye ua sijui kitu. Siku hiyo ndiyo nililia kuliko siku ya msiba wangu, maana msibani nililia nikiwa nimeshikwa na majirani.

Nikaenda kwa yule jirani. Alinipa kiti. Nikamuuliza kosa langu, akanijibu kwa Kinyaturu, tena polepole. "Na wewe sina ugomvi. Nyumba yako ndiyo iliyoniita mwizi. Imenikemea bila kunisalimia, na haina uso. Nitasuluhishwa na nani?"

Nikampigia mwanangu nikamwambia aizime. Akakataa. Akasema ni kwa usalama wangu, tena ameshalipia mwaka mzima. Nikaifunika na sweta la marehemu. Haukupita muda, simu ikaita. "Mama, mbona giza?" Nikaenda mjini kwa fundi aliyeifunga. Akanisikitikia. "Hii si yako, mama. Imesajiliwa kwenye simu ya mwanao. Kuivunja naweza, kuizima siwezi." Nikamwambia ukuta ni wangu, na hata misumari nilinunua mimi. Akasema ndiyo, misumari ni yako.

Ningeweza kuivunja, nyundo ninayo. Lakini niliona nikiivunja, jirani atabaki bila wa kumwomba radhi, na mwanangu atabaki anaona alikuwa na haki. Nikamwambia, "Siongei tena na wewe kwa njia ya ukuta wala ya simu. Ukinitaka, njoo." Nikazima simu.

Siku zilizofuata sizitamani hata kuzikumbuka. Majirani sina, na sasa mtoto naye sina. Nilikuwa nikipika nakuta nimepika kwa ajili ya watu, halafu nakaa naitazama sufuria.

Akaja. Asubuhi moja nikasikia geti, ni yeye, na vumbi la safari. Akachukua ngazi, akaishusha ile kamera mwenyewe. Nikamshika mkono mpaka kwa jirani. Tulimkuta anachambua maharage, hakuinua macho. Mwanangu akainama. "Shikamoo, mama."

Maharage yanaanguka kwenye sinia. Kisha akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Mwanangu akajitaja jina, akamtaja na baba yake, akasema, "Ni mimi niliyekukemea. Sikukuona. Nisamehe." Yule mama akainua kichwa, akamtazama mpaka nikaanza kuogopa.

"Marahaba," akasema. "Kaa. Umekonda."

Nawashukuru. Nakushukuru wewe mama, ujijuaye, uliyekubali kusalimiwa. Nakushukuru wewe uliyeniuliza habari za mgonjwa bila kujua unaniokoa. Namshukuru hata fundi, kwa kunieleza kwamba kitu nilichokipa ukuta wangu kilikuwa na mwenyewe. Mkiletewa zawadi ya namna hii msiikatae kwa hasira, watoto wanatupenda na wako mbali. Ila muulize kwanza: nani anaangalia upande wa pili, na nikichoka, nani anaweza kuizima? Jibu likiwa si wewe, fikiri tena.

Mwezi uliopita niliibiwa jogoo, mchana kweupe. Mwanangu ameniambia kwa upole kwamba kamera ingemwona mwizi, na ni kweli, ingemwona. Lakini habari ilipotoka wenzangu wakaja kunipa pole, mmoja mmoja, bila hodi, kwa ajili ya jogoo tu. Viti havikutosha. Wengine walikaa chini.