Mzee Gwalugano, Nzi wa Kijani na Sweta la Msangano

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Gwalugano Asajile atarudisha funguo za maabara na kuitwa mstaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika hospitali yetu hapa Tunduma. Kamati ya sherehe imenitaka mimi, Edina, karani wake kwa miaka kumi na mmoja, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Nimewaambia wamekosea mtu. Mambo mengi aliyoyafanya Mzee sijayaelewa mpaka leo, na lile moja nililolielewa ndilo linalonichanganya zaidi. Lakini kamati ikishaamua haisikii la mtu, basi nisomeni hivyohivyo.

Mzee Gwalugano alizaliwa Mbebe, wilayani Ileje, mwaka 1965. Aliajiriwa mwaka 1991 kuwa mhudumu wa chumba cha maiti, na shangazi zake wakamlilia kana kwamba aliyekufa ni yeye. Mwaka 1998 alipelekwa Morogoro kwa mafunzo ya majuma sita. Akarudi na hadubini ya mtumba, daftari nene, na mapenzi ya nzi ambayo wenzake walidhani yatapita. Hayakupita.

Kazi yenyewe, kama nilivyoelezwa mara mia, ni hii. Mtu akifariki porini pasipo kuonekana, wa kwanza kufika ni nzi, si hawa wetu wa jikoni, bali wale wakubwa wanaong'aa, wa kijani na wa buluu. Wanataga mayai ndani ya saa chache, mayai yanakuwa funza, na funza wanakua kwa hatua zinazojulikana. Ukishajua nzi ni wa aina gani na funza wake amefika hatua gani, unahesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kifo. Wapelelezi wakiipata siku, wanajua wa kumuuliza alikuwa wapi.

Ila kumtambua nzi ndiyo shughuli. Mzee anatazama mishipa ya bawa, rangi ya shavu, vinyweleo vya mgongoni. Funza anamgeuza nyuma na kuhesabu mipasuo ya kupumulia, maana eti funza anapumulia huko nyuma. Jamani! Wapo pia funza wenye miiba-miiba ambao huwala funza wa nzi wengine, kwa hiyo ukiwakuta hao peke yao lazima ujiulize nani alikuwepo kabla yao. Majina yao ni ya Kilatini, na kila nikijaribu kuyatamka Mzee hufumba macho. Nimechanganya wa kijani na wa buluu miaka yote hii, na mniamini, kwenye mwanga wa asubuhi wote ni wa kijani.

Mzee hakuridhika na vitabu vya nchi za watu. Alifuga nzi mwenyewe ili ajue wa kwetu wanakua kwa siku ngapi, wengine kwenye baridi ya dirishani, wengine kwenye sanduku lenye taa. Wilbard, muuza nyama wa pale kijijini Mpemba, hakumwelewa mteja anayekataa ini safi na kuomba lile lililokwishatuliwa na nzi. Ilibidi amuulize muuguzi Fausta kwa siri yule mzee anakula nini nyumbani kwake. Fausta naye siku moja alifungua kopo la dirishani akitafuta sukari, na hakunywa chai ofisini kwetu mpaka Krismasi. Kutokana na makopo hayo lilipatikana jedwali la Mzee Gwalugano, kurasa kumi na nne zilizoandikwa kwa mkono, kila ukurasa na joto lake. Wapelelezi waliliamini kuliko walivyoamini mashahidi.

Sasa nafika mahali ambapo kamati iliniomba nipite haraka. Samahani, sipiti haraka.

Julai 2023 uliletwa mwili wa Timotheo, mkulima wa Msangano, aliyekutwa kwenye kibanda chake cha shambani akiwa amepigwa kichwani. Alikuwa akikaa huko peke yake kulinda mtama, hivyo hakuna aliyejua alifariki lini. Kilichojulikana ni kwamba siku tisa kabla ya kukutwa aligombana mbele za watu na mfugaji aitwaye Bugalama, ambaye ng'ombe wake waliingia katika mtama huo. Kesho yake Bugalama hakuonekana tena kijijini. Kumbe alikuwa hapahapa kwetu, wodi ya watoto, akimuuguza binti yake Nesta aliyekuwa na homa ya mapafu. Alikamatwa kando ya kitanda cha mtoto, na ikasemwa kwamba alikuwa amekimbia.

Funza walikuwa wa nzi wa kijani, hatua ya tatu, wameshiba. Fomu iliandikwa kwamba joto la mahali mwili ulipokutwa ni nyuzi kumi na sita, Mzee akafungua ukurasa wa nyuzi kumi na sita, na jedwali likajibu siku tisa. Akatia saini. Bugalama akapelekwa mahabusu kwa kesi ya mauaji, na adhabu ya kesi hiyo hakuna asiyeijua.

Mwishoni mwa Agosti Mzee alialikwa harusini Msangano. Aliondoka Tunduma alfajiri na lile sweta lake la kijivu, maana kwa baridi yetu ya Agosti ukitoka bila sweta unatafuta kuugua. Msangano iko chini bondeni. Kufika saa tano, ameketi chini ya turubai, jasho linamchuruzika, akalivua. Waliokuwa naye wanasema alibaki ameshika sweta mkononi akilitazama, kisha akaaga kabla wali haujapakuliwa. Mzee Gwalugano na wali! Hapo watu wakajua kuna jambo.

Nyuzi kumi na sita ni Tunduma. Msangano mwezi ule ilikuwa ishirini na nne, na kwenye joto funza wanakua mbio. Mzee aliomba likizo, akanunua ini, akaenda kukaa kwenye kibanda kilekile cha marehemu na kipimajoto, akiandika asubuhi na jioni. Siku ya tano funza walikuwa na ukubwa uleule wa wale wa Timotheo. Na siku ya tano kabla mwili haujakutwa, Bugalama alikuwa wodini kwetu. Kitabu cha wodi kina alama ya dole gumba lake kila asubuhi alipopokea dawa za mtoto.

Aliporudi aliniambia kwamba anakwenda Vwawa mahakamani kusema amekosea. Nilimsihi asiende. Nilimwambia amebakiza muda mfupi astaafu, mawakili watafukua kesi zake zote za zamani, na kama yule mtu hana hatia Mungu atamtoa kwa njia nyingine. Naona aibu kuandika haya, lakini nilisema hivyo, tena kwa sauti ya upole. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kamba za viatu, akaenda kupanda basi.

Mahakamani aliulizwa ni nani aliyeandika joto lisilo la Msangano. Alijibu kwamba karatasi imetoka na saini yake, kwa hiyo kosa ni lake. Bugalama aliachiwa akiwa amekaa ndani miezi mitatu. Aliyemuua Timotheo hajulikani mpaka leo, na hilo nalo linatukosesha raha. Mzee alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake wote.

Wiki moja baadaye Bugalama alikuja getini na mtamba mweupe wa kumshukuru. Mzee alikataa, akisema hapokei zawadi kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfungisha. Bugalama akasema aliyemfunga ndiye aliyemtoa, naye harudi na ng'ombe. Walibishana hivyo karibu saa nzima, mlinzi ameshika kamba, wote watatu hawajui la kufanya, mpaka mtamba akaanza kula maua ya mganga mkuu. Mimi nilikuwa dirishani nikiwatazama, na nilishindwa kutoka nje.

Nilishindwa kwa sababu ile kumi na sita niliiandika mimi.

Utaratibu wetu ni kupiga simu kule mwili ulikotoka na kuomba wapime joto. Nilipiga Msangano mara mbili, simu haikupatikana, ya tatu sikupiga. Nikainua macho nikasoma kipimajoto cha ukutani kwetu, nikajaza fomu, nikaenda kula. Mzee anaujua mwandiko wangu, ameulalamikia kwa miaka. Hakuniuliza. Hakunitaja kwa hakimu, wala kwa waliomwandikia onyo, wala tulipokuwa wawili tu chumbani. Kesho yake baada ya kutoka mahakamani alinipa kipimajoto kipya na kunifundisha kukitundika kivulini, kwa upole uleule wa siku zote, kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.

Nimejaribu kumwelewa kwa karibu miaka miwili, nimeshindwa. Je, alinihurumia? Alinikasirikia kiasi cha kunyamaza? Au kwake yeye saini ni saini, basi? Jumatatu nimepeleka kwa mganga mkuu barua yangu inayoeleza yote haya, na kuomba lile onyo litolewe kwenye faili lake na kuwekwa kwenye langu. Nimeambiwa nisubiri. Nasubiri.

Mzee Gwalugano, kwa niaba ya watumishi wote, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa kupanda basi siku ile. Nenda nyumbani Mbebe, uwe na afya, uzeeke vizuri katikati ya wajukuu wako. Ile barua ya onyo usiende nayo. Ni yangu.