Barua ya Bi Mwanawetu

Masheikh wetu, wazee wetu, jirani na jamaa wote mliovuka mito kuja kutusaidia kuzika, assalaam alaykum. Kabla historia hii ya marehemu haijaanzia pale historia zote zinapoanzia, familia inaomba radhi kutanguliza jambo moja ambalo halijapata jibu na sasa halitalipata. Siku ya Jumanne, tarehe 20 Mei mwaka jana, Bi Mwanawetu Abdulla aliteremka kwenye boti hapa Mbuchi na begi lake kichwani, akiwa ameyaacha matibabu yake Dar es Salaam baada ya siku kumi na moja kati ya ishirini na tano, akaupita uwanja huu tulipoketi, akachukua kisu cha kuvunia, akaenda shambani kwenye mpunga wake. Mdogo wake, Abdulswamadu, ambaye ndiye anayesoma historia hii, amelifikiri tendo hilo kwa miezi minane, na hadi leo hajui kama dada yake alirudi kwa kuwa aliyaamini maneno aliyoambiwa na ndugu zake, au alirudi kwa kuwa alikwisha kujua kwamba maneno hayo ni uongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 hapa hapa Mbuchi, mtoto wa kwanza wa mzee Abdulla na Bi Mwatumu, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza darasa la kwanza mwaka 1972 na kumaliza la saba mwaka 1978, na miaka miwili ya mwisho alikuwa akimvusha mdogo wake kwenye matope kwa kumbeba mgongoni, kwa sababu mtoto huyo aliogopa kaa, naye hakumsema kwa wenzake hata siku moja.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa kuwa mhudumu wa zahanati, akafagia, akachemsha sindano juu ya jiko la mkaa, akapima uzito wa watoto ambao leo ni wazazi na wamo humu uwanjani, na zaidi ya yote akawasindikiza wagonjwa waliopewa rufaa ya kwenda Kibiti na mbele zaidi, maji yakijaa tu boti inaondoka, barua ya rufaa ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ukiwa kibindoni mwake. Alikuwa na desturi moja iliyomletea karipio la wakubwa wake mara tatu, nayo ni kwamba kabla ya kupanda boti humfungulia mgonjwa barua yake na kumsomea, akisema barua ni ya mgonjwa, yeye ni mbeba mfuko tu. Ndugu wa mzee Zaidi, ambao hawakutaka mzee wao ajue ugonjwa wake, walimwambia mbele ya watu kwamba mdomo wake hauna mlango, naye akawajibu kwamba mlango upo, ila ufunguo ni wa mgonjwa. Alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na tisa, akastaafu mwezi Agosti 2023.

Tarehe 9 Februari 1985 alifunga ndoa na Bwana Badru Talib wa Maparoni, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, Haruni mwaka 1986, Rukaiya mwaka 1989 na Maimuna mwaka 1995, na wajukuu saba. Mwezi Juni 2011 Bwana Badru alipatikana na ugonjwa wa ini, na barua yake ilisomwa na mkewe mwenyewe, kwa sauti, kama alivyowasomea wengine. Bwana Badru alisikiliza hadi mwisho, akajilaza kuelekea ukutani, akakataa chakula, akafariki siku ya tisa. Marehemu hakulizungumza jambo hilo tena, wala hakuiacha desturi yake, lakini Abdulswamadu aliyekuwepo siku hiyo aliondoka na funzo lake, na funzo hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kutokwa na damu, akanyamaza kwa miezi mitatu kwa haya, yeye aliyewahimiza wanawake wa kata nzima wasione haya. Alipelekwa Kibiti mwezi Februari, na tarehe 18 Machi 2025, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, majibu yalionyesha kuwa ni saratani ya shingo ya kizazi, jina ambalo linatajwa leo mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Daktari aliuliza ni nani msemaji wa mgonjwa, akasimama Abdulswamadu, kwa kuwa kwetu mjomba wa watoto ndiye mwenye neno, akaomba dada yake aambiwe kwamba ana uvimbe wa kawaida. Daktari alikataa, akasema mwili ni wa mgonjwa na habari zake ni zake, akaombwa tena, akaelezwa habari za Bwana Badru, na mwishowe akasema hatadanganya ila hatasema mpaka aulizwe, na kimya hicho familia itakibeba yenyewe. Historia hii haimlaumu, kwa sababu aliyeombwa si sawa na aliyeomba.

Barua ya majibu ilitiwa kwenye mfuko wa kanzu ya Abdulswamadu, na mama huyu aliyebeba barua za watu miaka thelathini na tisa hakuomba kuiona yake. Alianza mionzi tarehe 5 Mei, na tarehe 19, alipopata habari kwamba mpunga umeiva na ndege wameanza kuushukia, aliwaambia watoto wake kwamba uvimbe wa kawaida una dawa ya kawaida, na siku kumi na moja zinatosha, mpunga haumngoji mtu. Rukaiya alilia, Haruni alimshika mkono, mdogo wake alimsihi kwa kila neno isipokuwa lile moja ambalo pengine lingemzuia, na kesho yake akapanda boti.

Alivuna hadi mwisho wa Juni. Jioni ya siku ya mwisho alichambua mbegu za msimu ujao, akazifunga vizuri, na saa ile ile akapigilia mambo matatu shambani, vigingi vya mpaka, akawaonyesha watoto kila mmoja sehemu yake. Anayetazamia kufa hachambui mbegu, na anayetazamia kupona hagawi shamba, basi mdogo wake amebaki na mbegu mkono huu na vigingi vile mkono huu, na kila akielekea upande unaompa nafuu anajitilia shaka.

Kuanzia Septemba maumivu yalimlaza, maji yakawa yanamtoka bila hiari, ikaja harufu ambayo udi haukuishinda, naye akawaambia wageni wakae upande unakotoka upepo, maana chumba chake kimekuwa gulio la ng'onda, samaki wa kukausha. Haruni alifuata Kibiti kila wiki mbili dawa ya maji ya kutuliza maumivu, na muuguzi Sabra, ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alikuja kila siku kumsafisha. Sabra alimwambia Abdulswamadu, Mzee, nitanyamaza, lakini akiniuliza nitamjibu. Marehemu hakumuuliza. Chupa zile za dawa alizijua, alikwisha kuwapelekea wagonjwa wengine. Alifariki jana Alhamisi, tarehe 15 Januari 2026, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Maimuna.

Familia inamshukuru muuguzi Sabra, madaktari wa Kibiti na Dar es Salaam, watumishi wenzake wa zahanati, manahodha waliombeba bure, na jirani zetu, hasa Bi Siti, ambaye hakuwahi kukaa upande unakotoka upepo.

Jana alasiri familia ilikaa. Haruni alitaka isomwe tu kwamba mama aliugua kwa muda mrefu, kwa sitara yake, kwani ni ugonjwa wa mahali pasipotajwa mbele ya wakwe. Maimuna alisema, Mjomba, mama alimsomea kila mtu barua yake, ila yake haikusomwa. Ikaamuliwa kwamba kama maiti husomewa talakini kaburini na tunaamini anasikia, basi na hili aambiwe kabla hajatoka nyumbani kwake, na amwambie yule aliyemficha.

Kwa hiyo Abdulswamadu anaitoa barua kwenye mfuko wa kanzu ile ile, anaifungua, na anasema: Dada Mwanawetu, barua hii ni yako. Tarehe 18 Machi 2025. Ugonjwa ni saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya pili. Mionzi siku ishirini na tano, na daktari ameandika kwamba ikikamilishwa, kuna matumaini ya kupona.

Imesomwa yote. Lala salama, dada, Mola akupe amani ambayo sisi tulidhani tunakupa.